Homa ya ini C ikitoka nje ya ini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wengi hugundua wana virusi vya homa ya ini C bila kuvitafuta. Mtu amekwenda kuchangia damu, anaandaliwa upasuaji, au anakaribia kuanza kusafishwa damu kwa mashine, ndipo anaambiwa. Tangu siku hiyo anawaza ini peke yake. Ukurasa huu unahusu yale mengine: ngozi, viungo, figo, sukari, ganzi ya miguu, na ule uchovu ambao hata nyumbani hawauamini.

Virusi vya ini vinafikaje kwenye goti au figo?

Vinazaliana zaidi ndani ya ini, lakini vinasafiri kwenye damu, na damu inafika kila mahali. Hata hivyo, madhara mengi ya nje ya ini hayaletwi na virusi kutafuna kiungo fulani. Yanaletwa na kinga ya mwili wako mwenyewe.

Katika kila watu 10 wanaoambukizwa, kama 3 hivi huvifukuza virusi wenyewe ndani ya miezi 6 ya kwanza. Waliobaki hukaa navyo miaka 10, 20, hata 30, mara nyingi bila dalili. Muda wote huo kinga inapigana na adui asiyeisha. Chembe nyeupe zinazotengeneza kingamwili, zinazoitwa seli B, zinachokozwa usiku na mchana, na hatimaye baadhi yake zinaanza kuzalisha kingamwili zenye kasoro, zinazonata kwenye kingamwili nyingine badala ya kumkabili adui. Humo ndimo linamotoka tatizo la mishipa midogo ya damu, la figo, la neva, na hata la saratani ya tezi za limfu. Kisukari kina njia yake tofauti, nitaieleza chini.

Ni wagonjwa wangapi wanaopata madhara hayo?

Inategemea unahesabu nini. Ukijumlisha uchovu, maumivu ya viungo, ngozi kuwasha na macho makavu, utawagusa wengi mno. Ukihesabu ugonjwa mzito wa mishipa ya damu au figo kufeli, idadi inashuka sana. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 50 walikuwa wanaishi na maambukizi sugu ya homa ya ini C, kwa hiyo hata "wachache" katika hesabu hii ni watu wengi.

Daktari amesema nina krayoglobulini. Ni kitu gani?

Ni zile kingamwili zenye kasoro nilizozitaja, zikiwa zimeshikamana. Tabia yake ya ajabu ni kwamba damu ikipoa chini ya joto la mwili zinaganda, ikipashwa zinayeyuka, kama mafuta ya nazi asubuhi ya kipupwe. Sehemu kubwa ya watu wenye homa ya ini C sugu wanazo kwenye damu, pengine nusu, na wengi wao hawatasikia chochote. Kwa wachache zinatuama kwenye kuta za mishipa midogo na kuiumiza. Hapo mgonjwa huja na mambo matatu pamoja: madoa mekundu au meusi miguuni, viungo kuuma, na mwili kuishiwa nguvu.

Watu wenye krayoglobulini za mchanganyiko wakipimwa, sehemu kubwa sana hukutwa na homa ya ini C. Kwa hiyo anayegunduliwa nazo bila kupimwa virusi hivyo, uchunguzi wake haujakamilika.

Jambo la maabara ambalo mgonjwa anafaa kulijua: damu ya kipimo hiki lazima ikae kwenye nyuzi joto 37 tangu inapotolewa hadi majimaji yake yatenganishwe. Ikiachwa mezani ikapoa, au ikisafirishwa kwenye boksi la barafu kama sampuli nyingine, krayoglobulini zinaganda na kutupwa pamoja na chembe nyekundu, na majibu yanarudi kwamba huna. Jibu la "hakuna" kutoka kwenye sampuli iliyosafiri mkoa hadi mkoa lisikutoe wasiwasi peke yake. Daktari anaweza pia kuangalia kipimo cha C4, protini ya kinga ambayo hushuka sana katika hali hii.

Nina madoa miguuni yanayokuja na kuondoka. Je, ni virusi?

Inawezekana. Madoa ya krayoglobulini hukaa zaidi chini ya goti, hutokea kwa mikupuo, na hupenda kuzidi ukisimama muda mrefu au kwenye baridi. Bonyeza doa kwa glasi safi inayoonyesha: wekundu wa kawaida hufifia, haya hayafifii kwa sababu damu imeshavuja nje ya mshipa. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Utaona vidoa vyeusi au vya zambarau, na baada ya miezi ngozi ya miguu inabaki na rangi ya kahawia iliyokolea. Wengine hupata vidonda karibu na vifundo vya miguu visivyopona kwa dawa ya kupaka.

Kuna magonjwa mengine ya ngozi yanayofuatana na virusi hivi. Malengelenge upande wa juu wa mikono na sehemu zinazopigwa na jua, ngozi inayochubuka kwa kuguswa tu, na mkojo mweusi kama chai ya rangi: hiyo ni pofiria ya ngozi, na pombe pamoja na madini ya chuma mengi mwilini huichochea. Vipele bapa vya zambarau vinavyowasha, au mistari myeupe kama wavu ndani ya mashavu: hiyo ni laikeni plana. Uhusiano wake na homa ya ini C una nguvu Italia na Japani kuliko kaskazini mwa Ulaya, na sababu ya tofauti hiyo bado inajadiliwa.

Wa tatu uligunduliwa barani kwetu. Mwaka 1996 madaktari wa ngozi wa Misri walieleza mabaka mazito, meusi, yenye magamba, juu ya nyayo za miguu (upande wa juu, si chini), kwa wagonjwa ambao wote walikuwa na homa ya ini C. Ni rahisi mtu kudhani ni fangasi au pumu ya ngozi, akapakwa krimu mwaka mzima. Mabaka ya namna hiyo juu ya miguu yote miwili ni sababu tosha ya kupima virusi.

Nimeambiwa nina baridi yabisi. Inahusiana vipi?

Hapa watu wanapotea sana. Homa ya ini C huleta maumivu ya viungo vya vidole, magoti na vifundo, na pia hufanya kipimo cha rumatoidi, kile cha damu cha kutafuta baridi yabisi, kiwe chanya. Ukiunganisha viwili hivyo, mgonjwa anaonekana ana baridi yabisi ya kweli, anaanzishiwa dawa za kushusha kinga, baadhi yake zikiwa kali kwa ini. Vitu viwili husaidia kutofautisha: kipimo cha anti-CCP, kingine cha damu cha baridi yabisi, ambacho kwa kawaida hakiwi chanya kwa sababu ya virusi hivi, na picha ya eksirei, kwa kuwa maumivu ya homa ya ini C mara chache hula mifupa.

Nina neno juu ya dawa za maumivu. Diklofenaki inauzwa kila duka la dawa, na mtu anayeumwa magoti anaimeza miezi bila kumwuliza mtu. Kwa mwenye homa ya ini C hilo ni kosa mara mbili, maana figo zake huenda tayari zimeguswa na krayoglobulini, na kama ini limeshapata makovu dawa za jamii hiyo, ibuprofeni ikiwemo, zinaweza kuzifelisha figo kabisa au kuleta kutokwa damu tumboni. Mwulize daktari kuhusu parasetamoli kwa dozi ndogo. Kwa mwenye sirosisi, yaani ini lililojaa makovu, wengi huelekeza isizidi gramu 2 kwa siku.

Figo zinaharibikaje?

Krayoglobulini na kingamwili zilizoshikamana zinanasa kwenye vichujio vya figo na kuviwasha. Dalili hazipigi kelele: mkojo wenye povu lisiloisha upesi, uso au miguu kuvimba asubuhi, presha iliyopanda kwa mtu ambaye hakuwa nayo, wakati mwingine mkojo wa rangi ya kola. Mara nyingi kinachoonyesha kwanza ni kipimo cha mkojo tu, chenye protini na damu. Ni kipimo cha bei ndogo, kinafanyika hata kituo cha afya, na kwa maoni yangu kila mwenye homa ya ini C anapaswa kukifanya siku anapopewa majibu, pamoja na kreatinini (kipimo cha damu cha kazi ya figo) na presha.

Kuna upande wa pili pia. Wanaosafishwa damu kwa mashine wako kwenye hatari ya kuambukizwa ikiwa usafi wa chumba si mzuri, na ndiyo sababu vituo huwapima mara kwa mara. Zamani kutibu homa ya ini C kwa mwenye figo mbovu kulikuwa kugumu. Dawa za sasa zinatumika hata kwa aliye kwenye mashine.

Je, inaleta kisukari?

Inaongeza uwezekano wa kisukari cha aina ya pili, hata kwa mtu mwembamba na ambaye kwao hakuna mwenye sukari. Virusi huvuruga namna seli za ini zinavyoitikia insulini. Kongosho linalazimika kutoa insulini nyingi zaidi, na baada ya miaka linachoka. Sukari nayo inarudisha kisasi: mwenye vyote viwili hupata makovu ya ini haraka, na hatari ya saratani ya ini huongezeka.

Ushauri wangu kwa mtu wa kliniki ya sukari ambaye sukari yake haishikiki licha ya dawa na chakula: omba upimwe homa ya ini C mara moja. Na kama unatibiwa virusi huku unatumia insulini au vidonge vya kisukari, pima sukari mara nyingi kuliko kawaida. Virusi vinapoondoka mwili unaitikia insulini vizuri zaidi, na dozi uliyozoea inaweza kukushusha ghafla hadi kuzimia.

Miguu yangu inawaka moto na kufa ganzi. Ni sukari au ni virusi?

Inaweza kuwa chochote kati ya hivyo, au pombe, au upungufu wa vitamini B12, au dawa fulani za kifua kikuu. Krayoglobulini huziba vimishipa vinavyolisha neva, hasa za miguu. Kinachotia shaka zaidi ni ganzi isiyolingana, mguu mmoja kuliko mwingine, au mguu kushindwa ghafla kuinua kidole gumba. Hilo la mwisho si la kungoja miadi ya mwezi ujao.

Nachoka kila siku, lakini vipimo vya ini viko vizuri. Ninajidanganya?

Hapana. Uchovu ndio malalamiko ya kawaida kuliko yote katika homa ya ini C, na hauendi sambamba na hali ya ini. Mtu mwenye ini zuri kabisa anaweza kulala kwa muda wa saa 9 akaamka kama hakulala. Pamoja na uchovu huja kusahau, kushindwa kukaza fikra, na huzuni. Picha maalumu za ubongo zimeonyesha mabadiliko ya kikemia hata kwa wasio na makovu ya ini, kwa hiyo si uvivu wala si "mawazo tu". Ndugu wanaosema fulani siku hizi anapenda kulala wangefaa kulijua hilo.

Lakini usiutupie kila uchovu kwenye virusi. Upungufu wa damu, sonona inayotibika, na tezi ya shingo kufanya kazi kidogo vyote vinachosha, na hilo la mwisho huonekana zaidi kwa wanawake wenye homa ya ini C. Vipimwe.

Macho makavu, mdomo mkavu?

Ndiyo, hutokea, kwa kuwa tezi za mate na machozi zinavamiwa na chembe za kinga. Matone ya macho husaidia. Meno yanaharibika haraka mdomo ukiwa mkavu, kwa hiyo usimsahau daktari wa meno, na mwambie hali yako.

Moyo?

Kutanda kwa mafuta kwenye mishipa ya shingo na moyo kunatokea zaidi kwa wenye maambukizi sugu, na kiharusi pia. Presha, sigara na sukari bado ndivyo vya kushughulikiwa kwanza.

Nimesikia inaleta saratani ya tezi. Ni kweli?

Inaongeza hatari ya limfoma za seli B, ingawa kwa mtu mmoja mmoja hatari hiyo bado ni ndogo. Seli zinazochokozwa miaka mingi hugawanyika sana, na siku moja kundi moja linakataa kusimama. Tezi shingoni au kwapani zinazokua bila kuuma, jasho la usiku linalolowesha shuka, kukonda, au bandama kuvimba, ni vya kuchunguzwa. Bandama kanda ya Ziwa inaweza pia kuvimba kwa kichocho au malaria ya mara kwa mara, kwa hiyo uchunguzi uwe wa kina.

Mwaka 2002 madaktari wa Ufaransa walitoa habari za wagonjwa 9 wenye limfoma ya bandama na homa ya ini C, waliopewa interferoni, dawa ya virusi ya wakati ule. Kwa 7 kati yao virusi vilipotoweka, limfoma nayo ilitoweka. Wengine 6 wenye limfoma hiyohiyo lakini wasio na virusi walipewa dawa ileile, na hakuna aliyepata nafuu. Katika habari zote za ugonjwa huu sijui nyingine inayoonyesha wazi namna hiyo kwamba virusi vyenyewe ndivyo vilivyokuwa vinaichochea saratani.

Kwa nini kila ukisoma kuhusu homa ya ini C unakutana na Misri?

Kwa sababu ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi duniani, na chanzo kilikuwa tiba. Kuanzia miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 serikali ilitibu kichocho kwa sindano za mshipani vijijini, na sindano zilitumika kwa mtu zaidi ya mmoja bila kuchemshwa vizuri. Hakuna aliyejua; virusi vyenyewe vilitambuliwa mwaka 1989. Utafiti wa kitaifa wa 2008 ulikuta karibu asilimia 15 ya watu wazima waliopimwa wana kingamwili zake.

Kisha Misri ikageuka mfano. Katika kampeni iliyoanza Oktoba 2018 watu zaidi ya milioni 49 walipimwa ndani ya miezi 7 hivi, na waliokutwa na virusi wakapewa dawa zilizotengenezwa nchini kwa bei ndogo. Oktoba 2023 Shirika la Afya Duniani liliitambua kwa hatua hiyo. Huku kwetu Rwanda ilitangaza mpango wake wa kutokomeza ugonjwa huu Desemba 2018.

Tanzania na Kenya, nani anapaswa kupima?

Aliyewahi kujidunga dawa za kulevya hata mara moja, awe Dar es Salaam, Zanzibar, Mombasa au Malindi. Virusi hivi vinaweza kubaki hai ndani ya bomba la sindano kwa wiki kadhaa, kwa hiyo kuazimana bomba "lililosuuzwa" hakusaidii. Kliniki za methadoni, dawa ya kuwasaidia waraibu wa heroini, kuanzia ile ya Muhimbili iliyofunguliwa 2011, ni mahali pazuri pa kuulizia. Wengine ni walioongezewa damu kabla damu haijaanza kupimwa homa ya ini C, wanaosafishwa figo, wanaoishi na VVU, watoto wa mama mwenye virusi, na waliochanjwa au kutahiriwa kwa wembe wa pamoja. Ningeongeza: yeyote mwenye dalili zilizotajwa hapo juu zisizo na maelezo.

Kula pamoja, kukumbatiana, choo cha pamoja na mbu haviambukizi. Nyembe na miswaki kila mtu awe na yake.

Kipimo cha haraka kimekuwa chanya. Nina ugonjwa?

Bado haijulikani. Kipimo hicho kinaonyesha kwamba uliwahi kukutana na virusi. Waliovifukuza wenyewe na waliotibiwa wakapona hubaki chanya. Kinachotakiwa ni kipimo cha virusi vyenyewe kwenye damu. Mashine ya GeneXpert, ileile ya kifua kikuu, ina kipimo hicho, ingawa si kila hospitali yenye mashine inayo vifaa vyake. Ulizia hospitali ya rufaa.

Dawa zinaponya? Na madhara ya nje ya ini yanaondoka?

Vidonge vya sasa, kama sofosbuviri pamoja na daklatasviri au velpatasviri, humezwa kwa wiki 12 mara nyingi na huwaponya zaidi ya asilimia 95 ya watu. Kupona kunathibitishwa kwa kipimo cha virusi wiki 12 baada ya kidonge cha mwisho. Hakuna chanjo, na aliyepona anaweza kuambukizwa tena.

Kuhusu yaliyo nje ya ini, jibu halifanani kwa wote. Madoa ya ngozi na maumivu ya viungo huisha kwa wengi. Uchovu hupungua, kwa wengine polepole kwa miezi. Sukari huboreka kwa baadhi. Figo iliyoanza kuwaka inaweza kutulia, lakini iliyokwisha kupata makovu hairudi. Neva ndizo ngumu kuliko zote, na ganzi inaweza kubaki. Krayoglobulini zenyewe huweza kuendelea kuonekana kwenye damu miaka baada ya kupona, kwa kuwa zile seli B hazikubali kutulia mara moja. Wenye hali kali huongezewa dawa ya kuzipunguza seli hizo, rituksimabu, chini ya daktari bingwa.

Kuwa na dalili nje ya ini ni sababu ya kuharakisha matibabu hata kama ini liko salama. Mtu asikwambie usubiri hadi ini liharibike. Hayo ni mawazo ya enzi za interferoni, dawa ilipokuwa inatesa kuliko ugonjwa.

Nimwambie nini daktari kabla ya kuanza?

Kila unachomeza, dawa za kienyeji zikiwemo. Rifampisini ya kifua kikuu inazidhoofisha dawa hizi, hazitumiki pamoja. Vivyo hivyo karbamazepini na fenitoini za kifafa. Omeprazoli ya vidonda vya tumbo inapunguza velpatasviri kuingia mwilini. Amiodaroni ya moyo pamoja na sofosbuviri inaweza kupunguza mapigo kwa kiwango cha hatari. Lazima pia upimwe homa ya ini B kabla ya dozi ya kwanza, maana kama imelala mwilini inaweza kuamka C inapoondoka.

Nina mimba.

Kwa kawaida matibabu husubiri mpaka ujifungue. Uwezekano wa mtoto kuambukizwa ni kama asilimia 5 au 6, na huongezeka ukiwa na VVU. Kunyonyesha kunaruhusiwa, simama kwa muda kama chuchu zimepasuka na zinatoa damu. Mtoto akipimwa kingamwili kabla ya miezi 18 majibu yanaweza kuwa ya mama yake.

Nikishapona naweza kuchangia damu?

Hapana. Kingamwili hubaki, na kipimo cha benki ya damu kitazikuta na chupa yako itatupwa. Ukiombwa kumchangia ndugu, tuma mtu mwingine wa familia.